John McGahern, Mwalimu Mwenzangu

Miaka yote niliyofundisha nilisoma vitabu kwa ajili ya mtihani. Mtihani wa wanafunzi, mtihani wangu mwenyewe, au ule wa mkaguzi, ambao huwa mgumu kuliko yote. Nilipostaafu nikajiambia kwamba sasa nitasoma kwa ajili yangu. Lakini mstaafu wa wilayani atavipata wapi vitabu? Magazeti ya juzi hayakosekani, na Biblia ipo. Zaidi ya hapo, anategemea wapitao njia.

Aliyenipitia mimi ni sista mmoja mzee wa kutoka Ireland, aliyekuwa amefundisha sayansi katika sekondari ya jirani kwa miaka mingi. Alipokuwa anafunga virago kurudi kwao aliniletea katoni ya vitabu. Akachomoa kimoja chenye jalada lililochakaa, akasema, "Huyu ni mwalimu mwenzako, Mzee. Walimfukuza kazi." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Mtu akikuambia mwenzako alifukuzwa kazi, huna haja ya kusukumwa ili umsome.

Kitabu kile kilikuwa mkusanyo wa hadithi fupi za John McGahern, uliotolewa mwaka 1992. Tangu siku ile nimesoma riwaya zake zote sita na kumbukumbu za maisha yake, baadhi kwa kuazima, baadhi kwa kuwasumbua wanangu walioko mijini. Ninayoyaandika hapa si ya mtaalamu. Ni maoni ya mwalimu wa shule ya msingi aliyejifunza Kiingereza chake chuo cha ualimu na kukitumia zaidi kuandika barua kwa Afisa Elimu. Nataka kueleza kwa nini, kati ya waandishi wote wa nchi ile inayosifika kwa waandishi, huyu ndiye aliyeninyima usingizi.

McGahern alizaliwa Dublin tarehe 12 Novemba 1934, lakini Dublin haikuwa kwao. Kwao kulikuwa mashambani, katika kaunti za Leitrim na Roscommon, nchi ya maziwa madogo madogo, udongo mzito usioshukuru jembe, na vijana wanaoondoka. Kati ya mwaka 1951 na 1961 watu wapatao 400,000 waliihama Ireland, wengi wao wakienda Uingereza kujenga barabara na kuhudumu hospitalini. Katika vitabu vyake hakuna familia isiyokuwa na kiti kimoja kitupu.

Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake, ambaye ujanani alipigana vita vya msituni dhidi ya Waingereza, alikuwa sajini wa polisi, akiishi katika kituo cha polisi cha Cootehall. Mama aliishi mbali naye, karibu na shule alizofundisha, pamoja na watoto. Watoto walikuwa saba na John ndiye wa kwanza. Alimpenda mama yake kwa namna ambayo sijaisoma kwa mwandishi mwingine yeyote, na alikuwa amemwahidi kwamba atakuwa padre ili siku moja amsomee misa.

Mama akapata saratani ya titi. Mwezi Juni 1944, akiwa kitandani anakata roho, baba hakuja. Alituma lori kuwachukua watoto na vyombo vya nyumba kuvipeleka kituoni. Vitanda vilikuwa vya chuma na vilikuwa vimeshika kutu. Havikukubali kufunguka, ikabidi vigongwe kwa nyundo, nyumba nzima ikitetemeka, na mama yuko chumbani anasikia kila pigo. John alikuwa na miaka tisa. Hakuzika. Siku ya mazishi alikuwa Cootehall, anatazama saa na kukisia jeneza limefika wapi.

Aliieleza habari hiyo mara mbili. Mara ya kwanza katika riwaya ya The Leavetaking, mwaka 1974, akiwa amembandika mhusika wa kubuni. Mara ya pili katika Memoir, mwaka 2005, kwa jina lake mwenyewe, akiwa tayari mgonjwa wa saratani naye. Nimezilinganisha. Ile ya kwanza inalia. Ile ya pili inasimulia tu: lori, nyundo, kutu, ngazi. Imemchukua miaka 31 kuacha kulia ili msomaji alie badala yake. Vijana wanaoniletea miswada yao niisome huwaambia kwamba huko ndiko kujifunza kuandika, wakanitazama kama mzee anayewabania.

Njia ya upadre ikamshinda, akaingia ualimu. Alisomea chuo cha Mtakatifu Patrick, Drumcondra, Dublin, kisha akafundisha watoto wa kiume katika shule ya msingi ya Clontarf, pembezoni mwa jiji hilo. Riwaya yake ya kwanza, The Barracks, ilitoka mwaka 1963. Ni habari ya Elizabeth, mke wa pili wa sajini wa polisi, anayegundua uvimbe kifuani na kuuficha huku akiendelea kupika, kuwasha moto na kupiga magoti kwa rozari ya jioni. Kijana wa miaka 28 aliandika kitabu kizima akiwa ndani ya kichwa cha mwanamke anayekufa. Wakamsifu, wakampa tuzo na fedha za kumwezesha kupumzika kufundisha mwaka mmoja ili aandike.

Akaandika The Dark, yaani "Giza". Kilitoka mwaka 1965, na Bodi ya Udhibiti wa Vitabu ya Ireland ikakipiga marufuku. Si vigumu kuona sababu. Kuna baba mjane anayemdhalilisha mwanawe kwa mkanda na kitandani. Kuna kijana anayehangaika na mwili wake. Kuna padre ambaye ukarimu wake haueleweki vizuri unakoelekea. Leo, baada ya tume za uchunguzi za nchi hiyo kutoa ripoti zao kuhusu mateso ya watoto katika taasisi za Kanisa, msomaji anaona kwamba kijana yule alikuwa anasema jambo ambalo watu wazima walilijua. Mwaka 1965 halikuwa na mahali pa kusemewa.

Likizo yake ilipokwisha alirudi shuleni. Mwalimu mkuu akamzuia asiingie darasani. Msomaji wa umri wangu atalielewa hili bila maelezo mengi, lakini vijana niwakumbushe. Shule za msingi za Ireland zililipiwa mishahara na serikali, ila meneja wake alikuwa paroko, na ni meneja aliyeajiri na kufukuza. Sisi nasi tulikuwa na mameneja wa aina hiyo katika shule za misheni, hadi serikali yetu ilipotunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 na kuzitwaa shule zile. Nyuma ya paroko alikuwapo Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, mtu mwenye sauti nchini mwake kuliko mawaziri. Alikuwa mtawa wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Nilipoligundua hilo nilikiweka kitabu chini kidogo. Kumbe watu waliomfungia mlango na watu waliotufungulia sisi mlango wa kusoma walivaa kanzu ya shirika moja.

Kosa lake lilikuwa mara mbili, maana katika likizo ile alikuwa pia amefunga ndoa ya bomani na mwanamke wa Finland. Chama cha walimu hakikumtetea. Samuel Beckett, aliyekuwa Paris, alikuwa tayari kuweka jina lake kwenye malalamiko, lakini akataka kwanza McGahern mwenyewe aulizwe kama anapenda. McGahern akashukuru na kukataa. Aliona kwamba kuipigia kelele bodi ile ni kuipa heshima isiyostahili. Akaenda London, akafundisha kwa vibarua, akafanya kazi za ujenzi. Baadaye vyuo vikuu vya Marekani vikamwalika. Katika miaka ya 1970, pamoja na mke wake wa pili, alinunua shamba dogo kando ya ziwa huko huko Leitrim, akafuga ng'ombe wachache na kuandika. Hapo ndipo alipoishi mpaka alipofariki tarehe 30 Machi 2006. Alizikwa kando ya mama yake.

Sasa nije kwenye kazi zenyewe, na nianze na lawama.

Dunia yake ni ndogo. Kuna nyumba, shamba, barabara, kanisa, baa. Mvua inanyesha. Watu wanavuna majani makavu ya ng'ombe. Hata majina anayarudiarudia, kama kijiji ambacho hakina majina ya kutosha: Reegan ni sajini katika kitabu kimoja na Seneta katika kingine; Moran ni mwalimu kijana mahali pamoja na mzee wa boma mahali pengine. Baba ni yule yule, akibadilishwa koti tu. The Pornographer ya mwaka 1979, inayokwenda mjini kwa mwanamume anayeishi kwa kuandika hadithi chafu, kwangu mimi ina kurasa nzuri za shangazi anayeugua hospitalini na nyingine nyingi ambazo ningezipunguza. Na wapo watakaosema kwamba mtu aliyesoma vitabu vitatu vyake amevisoma vyote.

Niliwahi kuamini hivyo, mpaka nilipofika Amongst Women, ya mwaka 1990, iliyofika katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Jina limetoka katika sala ya Salamu Maria. Michael Moran alikuwa kamanda wa vita vya uhuru. Sasa ni mkulima mwenye hasira katika shamba linaloitwa Great Meadow. Ana mabinti watatu, wavulana wawili na mke wa pili, Rose. Kila jioni analitandaza gazeti sakafuni, anapiga magoti juu yake, na wote wanasali rozari. Nchi aliyoipigania haimpendezi, hivyo anajitengenezea nchi nyingine ndani ya kuta nne, na humo yeye ndiye serikali, bunge na polisi.

Mwandishi mwingine angemkomoa. Angempa pigo la mwisho ili tupate kuridhika. McGahern anafanya jambo gumu zaidi: anatuonyesha kwa nini mabinti wanampenda. Wamekwenda Dublin na London, wana kazi zao, lakini wanarudi, maana mbele ya Moran wanajiona ni mtu fulani, na huko mjini ni watu tu. Mwana mkubwa, Luke, anakwenda London na kukataa kurudi, na mwandishi hamlaumu huyo pia. Rose ndiye mwenye akili kuliko wote. Siku moja Moran anamtupia maneno kwamba nyumba ilikwenda vizuri kabla hajaja. Hajibu. Baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, anamwambia kwamba kama ni hivyo basi ataondoka. Na mzee aliyewashinda Waingereza anaanza kurudi nyuma. Nimewajua wanawake wa namna hiyo. Mmoja nimeishi naye miaka 48.

Ukifunga kitabu kile hujui kama umesoma hukumu au salamu za rambirambi. Hapo udogo wa dunia yake unageuka kuwa nguvu. Kwa kuwa baba ni yule yule tangu mwaka 1963, mwandishi amepata muda wa kumzunguka. Katika The Dark tulimwona kwa jicho la mtoto anayechapwa. Katika Amongst Women tunamwona akiwa mzee anayeburura miguu kwenda kulitazama shamba lake. Hakuna aliyebadilika ila anayetazama.

Riwaya ya mwisho, That They May Face the Rising Sun, ya mwaka 2002, haina kisa hata kidogo. Watu wanazunguka ziwa na kutembeleana. Fundi mmoja, Patrick Ryan, ameacha banda halijaisha, nguzo na mapaa yamesimama mwaka mzima, na kila mtu anajua ana kazi kwingine. (Fundi huyo nadhani ana ndugu zake huku kwetu.) Marehemu mmoja anaoshwa na jirani yake, na anazikwa kichwa kikiwa magharibi ili atakapofufuka alitazame jua linapochomoza. Nimekisoma mara tatu. Sina la kusema juu yake ila kwamba kinanituliza, na kutulia si jambo dogo kwa umri wangu.

Kama ningeishia hapo hii ingekuwa sifa tu. Ziko hadithi mbili za walimu ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Ya kwanza inaitwa The Recruiting Officer. Paroko anaingia darasani kumchapa mtoto aliyeiba fedha za sanduku la kanisa, na mwalimu anatazama. Ni hilo tu. Mwalimu ana mawazo mengi mazuri kichwani, lakini mikono yake haiinuki. Aliyewahi kusimama mbele ya darasa wakati mkubwa fulani "anawasaidia" kurudisha nidhamu anaijua mikono ile.

Ya pili ni High Ground, ya katikati ya miaka ya 1980. Kijana aliyehitimu ualimu yuko mtoni katika mashua. Seneta Reegan, mwanasiasa wa eneo lile, anamwendea na kumwuliza kama angependa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya hapo. Kijana anashangaa: shule ina mwalimu mkuu, Mwalimu Leddy. Seneta anasema hilo si tatizo. Leddy ni mlevi, watoto hawafundishwi, wazazi wanalalamika. Na yote ni kweli. Leddy ndiye aliyemfundisha kijana huyo, ndiye aliyempa elimu iliyomfikisha chuoni. Kijana anaomba muda wa kufikiri. Usiku anatoka na ndoo kwenda kuchota maji ya chemchemi, na akipita nyuma ya baa iliyokwisha kufunga milango anasikia sauti. Ni Leddy, amelewa, anawaambia wanywaji wenzake kwamba mahali pale pamezaa watu wenye akili kuliko wote. Anawasifu wanafunzi wake wa zamani, akiwamo, bila kujua, aliyesimama gizani na ndoo mkononi. Hadithi inakwisha kabla hatujasikia jibu lake kwa Seneta.

Niliimaliza usiku, nikazima taa, nikaiwasha tena.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi katika shule ambayo mwenyewe nilisomea. Mwalimu mkuu alikuwa ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuwa amenishika mkono, na sisemi kwa mfano, ulikuwa mkono huu wa kulia, akaupitisha juu ya herufi ya kwanza niliyoandika. Alipofika miaka ya hamsini alianza kunywa. Mwanzoni Jumamosi. Kisha nikawa mimi ninayepiga kengele, mimi ninayetia saini mahudhurio, mimi ninayemwambia mgeni kwamba Mwalimu amekwenda wilayani. Jioni moja mtu mmoja mwenye sauti katika eneo lile alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa kitako. Alisema watoto wanaharibika, kwamba wakubwa wanafahamu, ila wanahitaji karatasi. "Andika tu yale unayoyaona, Mwalimu," alisema. "Hatutaki uongo."

Niliandika. Ulikuwa ukurasa mmoja. Kila neno lilikuwa kweli. Mkuu wangu akastaafishwa kabla ya wakati wake, na Januari iliyofuata nikakaa katika kiti chake, ambacho hakikuwa kimepoa. Shule ilipanda. Tulipeleka watoto sekondari kuliko miaka yote iliyotangulia. Nikipimwa kwa matokeo, nilifanya vema, na sitajidai hapa kwamba watoto wale hawakustahili mwalimu asiyelewa. Mwalimu wangu alifariki baada ya miaka miwili. Kwenye mazishi nilisoma wasifu wake kwa niaba ya walimu.

Kilichonishtua katika High Ground si kwamba McGahern alijua kisa changu. Visa hivyo vipo katika kila wilaya ya dunia. Kilichonishtua ni mahali alipochagua kusimama. Huyu ni mtu aliyefukuzwa shule. Alimjua meneja, alimjua mwalimu mkuu aliyemzuia mlangoni, alizijua sababu nzuri za kila mmoja wao. Miaka 20 baadaye anaandika hadithi ya mwalimu anayetaka kuondolewa kazini. Mtu ungetegemea aingie ndani ya Leddy atupe uchungu wa anayefukuzwa, maana uchungu huo alikuwa nao wa kutosha. Hakufanya hivyo. Aliingia ndani ya kijana atakayefaidika. Akampa mashua, jioni nzuri, akili timamu, na sababu za kweli. Hakumtukana. Alimwacha tu asimame mahali ambapo atasikia.

Wahakiki husema McGahern hakuwa na kinyongo, na wanalisema kama sifa ya tabia yake. Mimi nadhani ni zaidi ya tabia, na nadhani pia si upole. Kinyongo kingetuachia mwanya. Kama Seneta angekuwa mwongo, ningesema mimi sikuongozwa na mwongo. Kama kijana angekuwa mwenye tamaa, ningesema mimi sikuwa na tamaa, nilifikiria watoto. Mwandishi ameziba mianya yote kwa kuwa muungwana kwa kila mtu. Msomaji hana wa kumcheka wala wa kumchukia. Anabaki na ndoo yake.

Iko pia sauti ile ya nyuma ya ukuta. Barua yangu ilikuwa kweli yote, na haikuwa na sauti ile. Haikusema kwamba nusu ya watu wazima wa kata yetu walijua kusoma kwa sababu yake. Haikusema kwamba katika ulevi wake hakumchapa mtoto hata mmoja, wakati mimi niliyekuwa mkavu nilichapa wengi. Hakuna fomu ya idara yenye nafasi ya mambo hayo. Hadithi fupi inayo, nami nilijifunza hivyo nikiwa na zaidi ya miaka 60.

Nakala ya kaboni ya barua ile ninayo. Nilipomaliza hadithi niliitafuta katika sanduku la vyeti, nikaisoma kama ninavyosahihisha insha. Sarufi ni safi. Mwandiko wa mashine umefifia.

Mjane wa mwalimu wangu bado yu hai. Nyumba yake iko njiani kwenda gulioni. Kwa miaka mingi nilikuwa napita nikitoa shikamoo kwa mbali bila kusimama, nikijifanya na haraka, mimi mstaafu. Desemba iliyopita nilisimama. Alinikaribisha, akaagiza mjukuu alete kiti na chai. Tulizungumza habari za mvua, za magoti yake na ya kwangu. Aliniuliza kama bado nasoma mavitabu. Nikasema nasoma ya mwalimu mmoja wa Ireland. Akauliza, "Naye alikuwa mkuu wa shule, baba?" Nikamwambia hapana, hakufika huko. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia mjukuu aniongeze chai. Barua ilikuwa katika mfuko wa koti langu. Nilikaa mpaka magharibi, nikaaga, nikarudi nayo nyumbani.